Kidude cha Sauti ya Bibi

3 Februari

Wewe mtoto,

Simu ikiita mara tatu isipokelewe, mtu mwenye akili anaacha. Wewe unapiga kama unafukuza ndege shambani. Jumapili nzima meza inatetemeka, mpaka nimekitumbukiza hicho kisimu ndani ya debe la unga nikalifunika. Nimesema sitaki simu. Una neno, liandike. Kuandika nilikufundisha mimi, kwa mkaa, juu ya magunia, kabla shule haijakuona. Usinifanye nijute.

Haya, salamu. Mimi sijambo. Mashine haijambo, isipokuwa mkanda unateleza wakileta mahindi mabichi, na watu siku hizi wanaleta mabichi makusudi. Mjomba wako hajambo, basi lake ndilo lenye jambo. Mkewe anakusalimu kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi. Paka amezalia kwenye magunia matupu, na sasa magunia si matupu tena.

Neno lenyewe ni hili. Mjomba wako kaniambia unataka kuja kunichukua video nikiwa kazini, na kwamba unatafuta kidude cha kupandisha sauti, cha kufunga kwenye hiyo kamera yako ndogo. Kumbe kamera unayo na sauti huna. Ni sawa na mtu aliyenunua mashine ya kusaga akasahau mota.

Nakubali uje. Lakini usije na vitu vya kuchezea. Nunua kidude kizito. Tangu nianze kusaga sijaona mashine nyepesi iliyosaga kitu kikasagika. Na kiwe kinapandisha kweli: kichukue sauti ndogo, ndogo kabisa, kiifanye ya mtu mzima. Usiniulize kwa nini.

Jibu kwa karatasi. Mpe mjomba wako akipita na basi.

Bibi yako


21 Februari

Bibi yangu, shikamoo,

Mimi sijambo. Chumba ni kile kile, juu ya duka la vioo; asubuhi nzima nasikia watu wakikata vioo chini ya kitanda changu. Kazini, mwenye studio ametuletea taa mpya na hasira zile zile. Mjomba alifika amechoka, akalala kwenye kiti kabla sijamwekea maji. Nimemuuliza habari zako akasema, "Bibi yako ni Bibi yako," akageuza uso.

Kwanza niseme la moyoni. Najua kwa nini hupokei simu. Ulitaka nibaki kwenye mashine nikaja huku kushika kamera. Bado umekasirika. Basi nikaripie kwenye simu, Bibi, nimezoea. Kunyamaziwa ndiko sijazoea.

Kuhusu kidude. Jina lake ni priampu. Kamera ndogo kama yangu ina jicho zuri na sikio bovu. Ukiipandisha sauti inapandisha na uchafu wake yenyewe: shiii, kama mvua kwenye bati. Priampu inakaa katikati. Inafungwa kwa skrubu chini ya kamera, inapokea sauti kutoka kwenye maikrofoni, inaipandisha ikiwa safi, ndipo inaipa kamera. Ni kama wewe unavyopepeta kabla ya kusaga.

Dukani kuna mbili zinazonihusu. Moja ni ya chuma, nzito kama pasi, imetengenezwa kwa ajili ya bendi. Inameza makelele bila kukwama. Nyingine ni ndogo, nyepesi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea. Muuzaji anasema hiyo ni ya sauti za upole. Kwa sauti yako naona itapasuka. Wewe ukiita "Foleni!" hata mbuzi wa jirani wanapanga mstari. Kwa hiyo na mimi naelekea kwenye ya chuma.

Ila sijaelewa jambo moja. Unataka ipandishe sauti ndogo. Kwenye mashine yako nani ana sauti ndogo?

Mjukuu wako


17 Machi

Mke mwenzangu mwenye maswali,

Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu basi la mjomba wako lilikaa gereji, na barua ilikaa mfukoni mwake, na mkewe akafua ile suruali, akaipiga pasi. Nimeisoma ikiwa imenyooka kama ukurasa mpya na wino umekimbia pembeni. Lakini nimesoma yote. Mimi si wa kushindwa na maji.

Huku wazima. Nimekonda kidogo, nakula vitu laini, meno hayo. Usimwulize mjomba wako. Paka amehamisha watoto, kelele za mashine zimewashinda. Mkaza mwana anakuja kila siku kunisaidia kwenye foleni, sikumwita. Anasimama mlangoni anasema, "Jamani, naomba mjipange," na hakuna anayejipanga. Kungekuwa na kuku wangemcheka.

Umeuliza nani ana sauti ndogo. Mteja. Mtoto wa mteja. Paka. Unataka majina yote? Mimi nimekuambia kitu ninachotaka, wewe nunua. Na ni vizuri umefika penyewe: cha chuma. Hicho kama sabuni waachie wanaooga.

Sitaki uje bado. Kwanza kilete kidude kwa mjomba wako pamoja na maikrofoni. Yeye ana ile kamera aliyonunua akidhani atakuwa mtu. Atafunga, nitasema maneno mawili matatu, atakurudishia kadi, wewe utasikiliza kama kinafaa. Nguo inapimwa kabla ya kushonwa.

Na hiyo habari ya hasira zangu, iache. Hasira zangu nazijua mimi zilipo, hazikai ndani ya simu.

Bibi yako


4 Aprili

Bibi, shikamoo,

Za huko? Sisi wazima, shughuli ni nyingi. Naandika haraka, mjomba amewasha injini anapiga honi na nusu ya mtaa imenitazama.

Kidude ndicho hiki, cha chuma, kama ulivyosema. Maikrofoni ina mkia wenye pini tatu. Inaingia kwenye tundu kubwa mpaka isikike "tak". Waya mfupi unatoka kwenye kidude kuingia kwenye kamera. Betri nimeweka. Kuna kishikio cha kuzungusha cha kupandisha sauti: mwambie mjomba akiache chini kabisa, kwa sababu Bibi ukianza wewe taa nyekundu itawaka. Simama mbali kidogo. Hatua moja nyuma.

Sema chochote. Nikaripie mimi, hilo halikupi shida.

Mjukuu wako


22 Aprili

Bibi, shikamoo.

Sijui nianze na salamu gani. Sisi wazima. Wewe siulizi, maana utanidanganya.

Kadi ilikuja peke yake, bila barua. Hujawahi kuleta kitu bila barua ya kukisindikiza na matusi mawili. Nikaiweka kwenye kompyuta yangu, chumbani. Nilichokiona ni wewe umekaa kwenye stuli, mdomo unakwenda, mkono unatikisa kama kawaida. Nilichokisikia ni shiii. Mwanzo mpaka mwisho, shiii. Nikasema mjomba amechomeka vibaya. Nikasema kidude kibovu. Nilimkasirikia mjomba wa watu, nikaandika na ujumbe wa kumtukana kwa adabu.

Halafu nikaona kitu. Mjomba hakukiacha kishikio chini nilivyosema. Alikizungusha mpaka mwisho. Na wewe hukurudi nyuma hatua. Uliisogelea maikrofoni mpaka karibu uiume.

Nikasubiri wakata vioo waende kula. Nikavaa hedifoni, nikafumba macho. Chini ya ile shiii, mbali, kama unga unaomwagika kwenye karatasi, nikakusikia: "Wewe mtoto, unasikia au umelala?"

Ni mnong'ono, Bibi. Na uso wako ulikuwa uso wa mtu anayepiga kelele. Mishipa ya shingo imesimama. Ulikuwa unatoa yote uliyonayo.

Nimempigia mjomba. Akanyamaza. Mjomba hajawahi kunyamaza maisha yake, hata akimeza maji anatoa mlio. Mwisho akasema, "Muulize mwenyewe, mimi nimeapishwa."

Nakuuliza. Sauti yako iko wapi?

Mjukuu wako


29 Aprili

Mjukuu wangu,

Umesikia. Basi futa macho. Barua yako imekuja na madoa na mimi nina mahali pa kutosha pa kupata unyevu, mahindi tu yananitosha.

Salamu baadaye.

Sauti imekwenda. Ilianza kukwaruza wakati wa mavuno, nikasema ni vumbi la unga, litatoka. Halikutoka. Kila wiki ikapungua, kama mtu anayehama usiku, leo kabeba kiti, kesho kabeba sufuria. Hospitali wameniangalia kooni na kidude chenye taa, wakaona uvimbe. Watakata tarehe kumi ya Juni. Wakikata, na mashine ya sauti inakwenda nayo. Nitapumulia tundu hapa chini ya shingo. Daktari, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akaniinamia akasema, "Bibi, utazoea kimya." Nikamwambia, kwa mnong'ono huu huu, "Kimya ndicho kitanizoea mimi."

Simu sikuikataa kwa hasira. Ungepiga, ningejibu, ungesema, "Haloo, haloo, Bibi, sikusikii." Mimi sijaambiwa "sikusikii" tangu nizaliwe. Sikutaka uwe wa kwanza.

Sasa sikiliza ninachotaka, maana wote hapa wamekwisha kuniamulia. Mjomba wako anasema nifunge mashine, nikae kibarazani niangalie watu wakipita. Mimi niangalie watu? Watu ndio waniangalie! Mkewe anasema yeye atakuwa mdomo wangu, nimwandikie kwenye ubao naye aseme. Nimeandika kwenye ubao, "Mwambie huyo mwanamume aondoe gunia lake bovu kwenye njia." Unajua alisemaje? "Samahani baba, Bibi anaomba, kama hutojali." Mimi naomba? Lini nimeomba? Sauti ya kuazima ni kama meno ya kuazima, yanacheka hata pasipochekesha.

Nimezungumza na fundi redio aliye nyuma ya mashine. Anaweza kutengeneza spika yenye vitufe vinane. Kila kitufe kina neno lake. Nikibonyeza, linatoka kwa nguvu, linapita juu ya mashine mpaka barabarani. Nitasimama pale pale ninaposimama, na nitawafokea kwa kidole. Lakini maneno lazima yawe yangu, kwa sauti yangu, na sauti yangu iliyobaki ni hii uliyoisikia. Fundi kanijaribu kwa simu yake, kikatoka kitu kama nyoka ndani ya bati. Ndiyo maana nikakwambia: kidude cha kupandisha sauti ndogo. Nilikuambia tangu Februari. Hukusikia kwa sababu masikio yako yamejaa sauti yangu ya zamani.

Kuhusu kile cha chuma: uzito haukuwa na kosa, kidude ndicho kilichokuwa na kosa. Kinakuja na barua hii pamoja na maikrofoni, kirudishe.

Kila siku inachukua kidogo. Tafuta kinachofaa, uje kabla sijabaki na pumzi tupu.

Salamu ndiyo hiyo.

Bibi yako


8 Mei

Bibi yangu, shikamoo,

Sisi huku wazima, ila mwenye studio amenuna, nitakueleza. Macho nimefuta. Nilikupa siku mbili za kulia, basi, zimekwisha.

Nimerudi dukani na kile cha chuma. Muuzaji akasema, "Dada, hiki ndicho wanachotumia wanamuziki." Nikamwambia wanamuziki wana ngoma, mimi nina Bibi. Sikutaka tena kusikia kinaweza kubeba kelele kiasi gani. Nilichomeka maikrofoni, nikavaa hedifoni, nikazungusha kishikio mpaka mwisho, nikamwambia afunge mdomo. Akaniangalia. "Watu wanajaribu kwa kuimba, wewe unajaribu kwa kunyamaza?" Nikamwambia ndiyo, nataka kusikia kidude chenyewe kinasema nini kama hakuna anayesema.

Cha chuma: shiii, ile ile. Kimezoea kupigiwa kelele. Ukikilazimisha kuinua kitu kidogo kinainua na takataka zake. Nikajaribu cha pili, kile kama sabuni. Nikazungusha mpaka mwisho. Kimya, Bibi. Kimya cha chumba chenyewe. Nikasikia saa ya mkononi ya muuzaji. Nikasikia tumbo lake linanguruma. Nikavua hedifoni nikamwambia, "Kaka, nenda ukale, hiki nakichukua."

Kwa hiyo ni chepesi. Ukikishika utasema ni cha kuogea. Kina betri yake, kina tundu kubwa la pini tatu, kina tundu la hedifoni ili nikusikie wakati ule ule unaposema. Nyumbani nilitia godoro mlangoni nikanong'ona kama wewe, nikaona kosa jingine, la kamera sasa. Kamera ina tabia ya kujipandishia sauti yenyewe kila mtu akinyamaza, kama mtu anayedakia mazungumzo. Nimeizima tabia hiyo. Sauti ya kamera nimeishusha karibu na mwisho, kazi yote inafanya kidude. Sasa mnong'ono wangu nausikia mpaka mate.

Nitakuja na maikrofoni itakayokaa mbele ya mdomo wako kwa upana wa kiganja, si zaidi. Tafuta mahali pasipo na mwangwi.

Mwenye studio kaninyima ruhusa. Anasema wiki hiyo kuna harusi mbili. Nimemwambia harusi zipo kila wiki, Bibi yangu ana sauti moja. Akasema nikienda nisirudi. Nikachukua hedifoni zangu kwenye msumari, nikamwachia taa zake.

Nafika tarehe 24.

Mjukuu wako


15 Mei

Mke mwenzangu,

Umefukuzwa kazi? Vizuri. Mtu ambaye hajawahi kufukuzwa kazi, muangalie mgongo, utakuta hauna mfupa.

Wazima hapa. Mkaza mwana amenuna kwa sababu ya spika. Mjomba wako yuko katikati, ana mnuno wa huku na mnuno wa kule.

Mahali pameshapatikana: stoo ya unga. Magunia yamepangwa mpaka dari, pande tatu. Ukisema humo ndani, neno linaanguka miguuni pako, halirudi. Nilikuwa nakwenda kulia humo zamani, hakuna aliyejua.

Mashine itazimwa. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mashine yangu, siku ya kazi, watu wakiwa kwenye foleni. Nimewaandikia ubaoni: "Tarehe 24 mtanyamaza. Atakayekohoa atasaga kwa mawe."

Maneno nimeyachagua saba. La kwanza, "Foleni!" La pili, "Toa gunia lako njiani." La tatu, "Mahindi mabichi rudi nayo nyumbani." La nne, "Sikukuuliza." La tano, "Rudisha mkono wako nyuma, mkanda hauna macho." Hilo ndilo la maana kuliko yote, kuna vidole vya watu ndani yake. La sita, "Haya, nani anafuata?" La saba, "Ondoka." Vitufe ni vinane. Cha nane kikae wazi, nitajua mwenyewe. Mkaza mwana alitaka tutie humo "Karibuni sana wateja wetu wapendwa." Nilibonyeza la saba kwa macho.

Ukifika, usiniamkie kwa sauti ya msibani. Usinishike shingo. Usiseme "pole". Chomeka waya wako, vaa hivyo vya masikioni, ukae kimya, niseme.

Bibi yako


2 Julai

Bibi yangu, shikamoo,

Natumaini kidonda kinakauka na kitambaa cha shingoni unakibadilisha. Mimi nimefika salama. Nimepata kazi kwa fundi wa sauti wa hapa mtaani. Anapenda watu wanaojaribu vidude kwa kunyamaza. Wakata vioo wananisalimu.

Tulipokuwa pamoja hatukuzungumza sana, na baada ya hospitali hatukuweza. Acha niandike sasa.

Siku ile nilikuwa na hofu ya mtu anayejifungua mara ya kwanza, na sina mtoto. Nilifikiri mnong'ono umepungua tangu ile kadi ya Aprili, na ulikuwa umepungua. Umekaa kwenye stuli kati ya magunia, unga mabegani, maikrofoni mbele ya mdomo. Mashine ikazimwa. Sijawahi kusikia mtaa ule bila mashine. Foleni yote ilikuwa nje ya mlango, na hakuna aliyekohoa. Yule mzee wa kifua kibovu mjomba anasema alikwenda kukohoa kwenye kituo cha basi, akarudi.

Ukasema "Foleni!" na kwenye masikio yangu ilikuwa kubwa kama zamani. Ile pumzi nyuma ya neno, ule ukali mwishoni. Kidude hakikuongeza kitu chake hata kimoja. Kilikuinua wewe tu. Ulirudia la tano mara sita, mkanda hauna macho, mpaka uliporidhika. Mimi nilisharidhika mara ya kwanza, lakini nani angekuambia?

Sasa nina jambo la kukueleza, nawe hutalipenda. Ulipomaliza, ukaniambia kwa mkono, "Zima." Sikuzima. Si kwa ujanja: nilikuwa nimeinama nafungua skrubu ya kidude, na waya bado zimechomekwa. Mjomba akaingia. Ukakichukua kidude kwenye kiganja, ukakipima pima uzito kwa dharau yako ile, ukamwambia mjomba:

"Tazama. Kidogo, chepesi, nikakidharau. Kumbe hakina kelele za bure. Kinanisikia. Kama mwenyewe aliyekileta."

Ukacheka. Cheko lako limekuwa pumzi tu, hha, hha, lakini ni lako.

Nimelisikiliza. Nimelisikiliza neno hilo mara nyingi. Niseme kweli, ndilo ninalolalia. Lakini hukujua kama kidude kinasikia, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba unga wa mtu hauchotwi hata kijiko akigeuka. Basi nakuuliza. Nilifute?

Mjukuu wako


13 Julai

Mwizi wangu,

Salamu. Mimi nipo. Tundu liko chini ya shingo na kitambaa juu yake. Mkaza mwana amekishona pindo, amekishona vizuri, mwambie wewe, mimi sitamwambia. Nakula. Napumua kama mashine yenye mkanda mpya. Asubuhi ya tatu baada ya kutoka hospitali nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, mjomba wako analia lia nyuma yangu kama sufuria inayochemka.

Spika imefungwa juu ya mlango. Siku ya kwanza nilibonyeza cha kwanza, na foleni nzima ikaruka. Mwanamke mmoja akaangusha debe. Walikuwa wamezoea kelele yangu, mnong'ono mkubwa namna ile hawajawahi kuusikia. Unaingia nyuma ya shingo. Sasa wanapanga mstari kabla sijabonyeza. Juzi mwanamume akaja na mahindi mabichi. Nikabonyeza cha tatu. Akaanza kubishana, na spika! Amesimama anaitazama spika juu, "Lakini Bibi, nimeyaanika siku nzima." Nikabonyeza cha nne. Akasema, "Sawa, lakini nisikilize." Cha nne tena. Akaondoka na gunia lake. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, hha, kama ulivyosema. Cha saba sijakihitaji bado. Na cha tano kimeshafanya kazi yake. Mtoto wa muuza mkaa aliingiza mkono kuokota punje. Bila kitufe hiki ningemzuia na nini? Nilibonyeza, akarudisha mkono. Vidole vyote anavyo. Daktari mwenye viatu vinavyong'aa aje avihesabu.

Sasa hilo jambo lako. Ni wizi. Mtu akisema bila kujua anasikilizwa, maneno yale ni yake, kama nguo zilizo kwenye kamba. Ningekuwa na sauti ungenisikia huko huko juu ya vioo. Tena sikusema hivyo. Na kama nilisema, nilikuwa nasema juu ya kidude.

Usilifute.

Kitufe cha nane kiko wazi, mkaza mwana anakizunguka kama paka. Kesho mjomba wako anapita hapo na basi. Mpe kadi yenye neno lile, mkononi, si mfukoni mwa suruali. Fundi redio atalitia. Hicho cha nane nimemwambia asikipeleke kwenye spika ya mlangoni. Anipe kwenye kispika kidogo cha mezani, pembeni ya simu, wateja hakiwahusu.

Kisimu nimekitoa kwenye debe, nimekifuta unga, kinawaka. Jumapili nipigie. Isipopokelewa mara tatu, piga tena. Piga mpaka nifike, siku hizi natembea polepole. Ukisikia kimepokelewa, usiseme "haloo, haloo." Nyamaza, nibonyeze.

Bibi yako